Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Nyumba namba 7,
Barabara ya Hospitali,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na shemeji hajambo na goti lake? Wajukuu je, yule mdogo ameshaanza kutembea au bado anajiburuta kwa makalio kama alivyokuwa baba yake? Natumaini nyote mko salama. Huku hatujambo. Shemeji yako anaendelea kubishana na redio kila asubuhi, na redio inaendelea kumshinda. Mimi nami ni mzima sasa, ingawa mwezi wa Mei nusura niwaage. Usishtuke, nitakueleza huko mbele.

Barua yako niliipata. Unaniomba nimshauri kitinda mimba wako aachane na uuguzi, kwa sababu mimi mama yake mkubwa ananisikiliza kuliko anavyokusikiliza wewe. Fomu ya chuo inataka sahihi yako kabla mwezi haujaisha, na umesema hutaitia. Umesema wewe mwenyewe ulikaribia kumuua mgonjwa kwa ubishi wako, na hutaki mwanao aje ayabebe uliyoyabeba.

Sitamshauri hivyo. Nina sababu zangu, na kubwa kati ya hizo nimekuficha miaka thelathini na sita. Leo naitoa, kwa hiyo kaa kitako.

Kwanza kazi yenyewe, maana unaizungumzia kana kwamba bado iko palepale ulipoiacha. Unakumbuka shangazi yetu alivyoanza. Hakukuwa na shule wala nini. Aliajiriwa kufua shuka za wodini, na mwaka wa pili akapewa kufunga vidonda kwa sababu aliyekuwa akivifunga aliugua. Hicho ndicho kilikuwa cheti chake. Alifanya kazi miaka ishirini na sita, na hadi anastaafu hakuna aliyewahi kumwita muuguzi. Walimwita "wewe".

Zamu yangu ilipofika, shule ilikuwa ndani ya hospitali, miaka mitatu, na bweni likifungwa saa kumi na mbili jioni kama banda la kuku. Tulichemsha mabomba ya kioo kwenye sufuria na kunoa sindano kwenye jiwe. Kofia zetu zilikuwa na mstari mmoja kwa kila mwaka. Daktari akiingia unasimama, akitoka unamfungulia mlango. Kipimo cha presha kilikuwa chake, sisi tulikibeba tu kwenye trei. Na ukiolewa, unakunja sare yako unaondoka. Sheria hiyo ilifutwa miezi minne kabla ya harusi yangu, na shemeji yako mpaka leo anadai kwamba alikuwa akiisubiri kwa makusudi. Muongo mkubwa.

Siku hizi wanasoma chuoni, diploma au shahada, halafu wanafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi ndipo wapewe leseni. Nayo leseni haikai milele, lazima waihuishe na waonyeshe kwamba wameendelea kujifunza. Karibu nusu ya darasa ni wanaume. Wapo wauguzi wenye kliniki zao ndani ya hospitali, wanapima, wanaandika dawa, na daktari akikwama anakwenda kuwauliza. Nilikuwa nayasikia haya nikikunja pua. Nilisema ni vyeti vingi na mikono michache. Halafu Mei nikalazwa.

Moyo wangu, kama unavyojua, tangu mwaka jana unakwenda mshazari, na nimepewa kidonge cha kuutuliza kila asubuhi. Miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, wakanilaza. Kwenye wodi yetu kulikuwa na muuguzi msichana mwembamba ambaye nilimpachika jina la Bi Saa, kwa kuwa hakukushika mkono bila kuitazama saa yake dakika nzima. Asubuhi ya siku ya tatu alinishika, akahesabu, akarudia, akakirudisha kidonge changu kwenye trei. Mapigo hamsini na moja. Wewe unaijua kanuni hiyo, tulifundishwa sote: yakiwa chini ya sitini, kidonge kile hakitolewi.

Daktari wa zamu alikuwa na haraka. Alisema nipewe tu, miguu bado imevimba. Bi Saa akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sitampa, daktari. Naandika sababu na saa, na namwita mkuu wako." Akaandika palepale, akatia sahihi, akaondoka kwenda kupiga simu. Wana fomu kabisa ya jambo hilo siku hizi.

Unadhani mimi nilifanya nini? Nilimgombeza. Nililala pale na mipira yangu ya oksijeni puani nikamwambia kwamba mimi nimekuwa sista wa wodi kabla yeye hajazaliwa, na kwamba wakati wetu muuguzi alijua mahali pake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanifunika miguu. Alipotoka nikaichomoa mipira, nikaenda msalani na mkoba wangu, nikatoa chupa yangu ya vidonge vya nyumbani, nikameza kimoja. Na kwa kuwa jana yake nilikitapika, nikaongeza cha pili. Mgonjwa wa kawaida asingethubutu. Upumbavu wa namna ile unataka uwe umesomea.

Ilipofika alasiri dawa ilikuwa imenizidi mwilini: ukuta mweupe ulikuwa umegeuka wa njano, na shuka, na uso wa Bi Saa. Nilitapika hadi nyongo. Mapigo yakashuka hadi thelathini na nane. Bi Saa aliinama akaniuliza kama kuna kitu nimekunywa ambacho hakimo kwenye faili, na mimi, mwalimu wa wanafunzi kumi na tano kwa mwaka, nikamwonyesha mkoba. Wakanikimbiza kwenye chumba cha mashine. Niliogopa, mdogo wangu. Nimewafumba macho watu wengi maishani mwangu, nikawa nadhani nimelizoea jambo hilo.

Niliponusurika, yule daktari alikuja akasimama kitandani kwangu, akamshukuru Bi Saa mbele yangu na mbele ya msimamizi wa wodi. Hakuna aliyefukuzwa. Bi Saa akaandika ripoti yake, akaenda kula.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, nikalia hadi jirani yangu wa kitanda akabonyeza kengele.

Sasa sikiliza. Unamkumbuka yule bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye ulikataa kumpa kidonge kilekile ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na mimi nikiwa sista wa wodi. Ulimwambia Daktari Mkuu kwamba bibi mapigo yake yako chini. Akakasirika, ukapelekwa kwa metroni, na metroni akaniita niseme mapigo yalikuwa mangapi. Nikasema sabini na mbili. Ukamwaga unga siku ileile. Ulipakia sanduku lako bwenini na mimi sikupanda hata ngazi kuja kukuaga.

Mapigo yalikuwa arobaini na nane. Nilimhesabu kabla yako, nikamhesabu tena baada yako.

Na kidonge kile sikumpa. Nilikwenda nacho hadi kwenye sinki la chumba cha dawa, nikakipondaponda, nikakifungulia maji, halafu nikatia sahihi kwamba mgonjwa amekunywa. Jioni nikafanya hivyo tena, na kesho yake. Siku ya tatu Daktari Mkuu akamsikiliza bibi moyo, akatamka kwamba dawa imefanya kazi yake na sasa inaweza kupunguzwa. Bibi akapona, akaenda kwao. Mimi nikasifiwa kwa utii, na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Wewe ukaambiwa kwamba dawa uliyomnyima ndiyo iliyomponya.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sisi wa zamani. Mdomoni tulisema ndiyo daktari, na mikono ikafanya ilichojua. Wengi waliponea kwenye masinki yetu na hakuna kitabu kitakachowaandika. Lakini nisijisifu kwa hilo, kwa maana wewe ulisema wazi na mimi nikafyata ulimi, tena nikakuzika. Niliogopa kupoteza kofia yangu. Sina sababu nyingine ya kukupa, na nimeitafuta.

Utaniuliza kwa nini basi mwezi uliopita nilikimeza mwenyewe, mimi niliyekimwaga kwa ajili ya mwingine. Nimelifikiria sana. Hadithi ukiirudia miaka thelathini na sita, kwenye harusi, kwenye misiba, kila mtu anapouliza mdogo wako aliachaje uuguzi, mwishowe unaiamini. Nadhani nilitaka msichana yule awe amekosea, ili na wewe uwe ulikosea.

Nimeliandikia Baraza la Wauguzi barua, na nakala nimeipeleka kwenye chuo kilichokufukuza. Nimeeleza mapigo, sinki na sahihi zangu tatu za uongo. Niliipeleka kwa mkono Alhamisi. Karani akaisoma, akaniuliza kama ninaelewa kwamba wanaweza kulifuta jina langu kwenye daftari la wauguzi. Nikamwambia naelewa, na akanigongea muhuri wa kupokelewa. Nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Shemeji yako ameisoma pia. Siku mbili hakusema nami zaidi ya kuniuliza chumvi iko wapi, na sikumlaumu.

Sikuombi msamaha kwa barua, itakuwa rahisi mno kwangu. Nikipata nguvu ya safari nitakuja, na ukinifungia mlango nitakaa nje. Lakini fomu ya mtoto ni jambo jingine. Nikasirikie mimi kadiri utakavyo, yeye usimwingize humo. Akienda, atakwenda mahali ambapo akisema hapana kuna karatasi ya kuiandika na mtu wa kuipokea.

Nisalimie shemeji, umwambie goti alipashe moto asubuhi na aache kujitibu kwa mafuta ya kila mpita njia. Wasalimie pacha na wake zao, na huyo anayejiburuta mbusu shavuni. Dada yetu wa kati anakusalimu; naye nitamweleza leo jioni. Mungu awape afya, na wewe akupe usingizi ambao mimi nilikunyang'anya.

Mwanao akikuuliza kwa nini uliacha, usimpe tena ile hadithi yangu. Mwambie mama yake alikuwa na miaka ishirini, alisimama mbele ya daktari, metroni na dada yake mwenyewe, na kati ya wote wanne ni yeye peke yake aliyemtunza mgonjwa bila kusema uongo.

Wako akupendaye, na aliyechelewa mno,

Dada yako.