Miguu ya Kukanyagia Ndizi

Kampala,
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Na migomba ya nyuma ya nyumba, imeustahimili ule upepo? Mimi ni mzima, ila jicho la kushoto limefumba kidogo, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Najua yule mnunuzi wa kahawa alikufikishia habari hapo Nkwenda kwamba mwanao alianguka ulingoni bila kuguswa. Ni kweli, sikatai. Raundi mbili za kwanza nilirusha ngumi kama mwenye wazimu, ya tatu pumzi ikaniishia, nikalala. Kilichoniuma ni kusikia kwamba sasa wanakucheka, eti umezaa mwili mkubwa usio na kazi. Mwalimu wetu wa ngumi naye alinionya: "Ukidondoka tena kwa pumzi, glovu unarudisha."

Jumamosi alasiri nikapangiwa mchinja nyama mmoja wa hapa mjini, uzito wa juu kama mimi, shingo hana. Raundi nane. Wakati nafungwa glovu nikakukumbuka ukiwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi. Mimi nilikuwa nikiruka humo kwa nguvu zote, jasho linanitoka, na ndizi hazitoi hata tone. Wewe ukanisogeza pembeni: "Polepole, mwanangu, mpora mpora. Bado hazijalainika." Ukaingia na nyasi zako za kukamulia, hatua fupi fupi, unapumua kwa pua huku unapiga soga na jirani, mpaka mramba, ile juisi tamu ya ndizi, ukajaa mtumbwi.

Basi nami nikakanyaga, Baba. Kengele ilipolia nikaanza hizo hatua zako. Jamaa akanimiminia makonde. Mengi niliyapokea mikononi, moja ndilo hili la jichoni. Watu wakazomea. Mwalimu akapiga kelele, "Unapigana au unakanyaga matope?" Tulipopumzika nikamjibu, "Ni ndizi, mwalimu. Bado hazijalainika." Maskini, akadhani akili imeniruka! Akanifunua jicho, akaniuliza leo ni siku gani, nusura asimamishe pambano.

Raundi ya sita mchinja nyama akaanza kuhema kwa mdomo, mikono ikamshuka. Ya saba nikamwingia tumboni, mara mbili, mara tatu, bila haraka. Akakaa chini. Refa akahesabu hadi kumi na yeye bado anatafuta hewa. Nilimwinua mwenyewe, maana aibu ile naijua. Lakini nisikufiche, nilifurahi hadi nikacheka peke yangu.

Mama mwambie namwamkia, na jicho litapona. Nisalimie dada yangu aliyeolewa Kimuli na shangazi yangu wa Bweranyange. Katekista anayekusomea barua hii mpe asante, na asiruke mahali.

Nilikuwa nafunga, kumbe nimebakiza jambo. Mtangazaji alipokuja na karatasi yake kumtaja mshindi, alikuwa ameandika "mtu wa Bukoba" basi. Nikamwambia, "Futa hiyo, mzee." Nikamtajia maneno mengine, naye akayasoma kwa kipaza sauti uwanja mzima ukisikia: mwana wa Rwegoshora, mkanyaga ndizi wa Nkwenda. Baba, jina lako limetangazwa Kampala, nami nilikuwa nimesimama.

Mwanao,
Deogratias