Kamera Niliyoichagua na Mtoto Mgongoni

Mjomba Severini,

Shikamoo. Huku milimani maharage yamekubali, na Happiness wangu ameota jino la pili.

Mjomba, kamera nimenunua, ila siyo ile kubwa uliyonishauri. Muuzaji pale mjini alinipa mbili za wanaoanza kazi ya kupiga picha, nizishike. Akaisifia kubwa: "Dada, lenzi yake inavuta mpaka kileleni!"

Nikamuuliza, "Na mtoto atanibebea nani?" Akacheka.

Nikainama na Happiness mgongoni, kama nitakavyoinama kwenye sherehe. Kubwa ilinivuta shingo, mtoto akalia. Nikajaribu ndogo, mtoto akalala. Nikalipia ndogo.

Usikasirike, mjomba. Baba yake Happiness harudi wala hapokei simu, kwa hiyo kazi hii ndiyo itatulisha, na nitaifanya hivyo hivyo, mwanangu mgongoni.

Jumapili nilipiga picha za komunyo ya kwanza hapa kanisani kigangoni. Picha moja nimekuwekea humu. Wale mama waliozoea kuniita "yule aliyeachwa" walijipanga na watoto wao, wakaita, "Mpiga picha, na sisi!" Niligeuka palepale, mjomba, kama niliyezaliwa na jina hilo.

Mpwa wako akupendaye,
Kristina