Mume wa Mfano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maji, moto, chai ya Baba Faida, majani ya muhogo ya sombe kuchuma, binti yangu Faida kuoga, shule. Kama kila siku. Nikapiga pasi tisheti yake ya kazi, ile iliyoandikwa USAWA kifuani. Makaa yalikuwa machache, haikunyooka vizuri. Akanung'unika.

Mume wangu anafundisha jenre, mambo ya jinsia. Shirika linamlipa azunguke vijijini, Nyangwe mpaka Lusangi, awaambie wanaume wabebe maji, watwange, wasiwatumie wake zao kama punda. Anasema vizuri sana, watu wanalia. Mimi sijawahi kulia. Nimeolewa naye.

Leo nimemuuliza tena habari ya Kabambare. Wananipa shule huko niiongoze, mimi, direktrisi, baada ya miaka yote hii ya kula vumbi la chaki. Nianze baada ya Pasaka. Ofisi ya shule inataka kujua kitu kimoja tu: bwana anakubali?

"Muke wa mutu hawezi kwenda kukaa peke yake mbali, Mama Faida. Watu watasema nini?"

Akavaa USAWA yake akaenda kazini.

Jumatano, tarehe 5

Habari mpya. Jumamosi, siku ya wanawake, mkubwa wa shirika anakuja kutoka Kindu kuona nyumba ya mfano. Nyumba gani? Yetu! Nimecheka mpaka Faida akatoka nje kuniangalia.

Kwa hiyo mume wangu anajifunza kutwanga. Amekula sombe tangu aote meno, leo ndiyo ameushika mchi. Anaushika kama anaua nyoka. Majani yanaruka nje ya kinu, kuku wanashukuru. Eti nimwoneshe. Nikamwonesha. Kisha akaniambia nisikae karibu sana siku hiyo, maana anatakiwa aonekane amezoea.

Anafanyia nyuma ya nyumba, asionekane. Mama Zaina jirani amemwona. Basi, mji mzima umemwona.

Ijumaa, tarehe 7

Mama mkwe amefika kwa pikipiki kutoka Nyangwe, ametapakaa matope. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyungu vyangu, akavinusa kimoja kimoja. Habari imemfikia kwamba mwanawe anatwanga sombe, na kwao mwanaume akitwanga sombe, mke wake amemlisha dawa.

"Ulimulisha nini mutoto wangu?"

Jamani. Kungekuwa na dawa ya kumfanya huyu abebe ndoo, ningeiuza sokoni nikajenga nyumba za mabati pande zote mbili za barabara.

Na yeye? Alikaa kitini, ameinamisha kichwa. Angeweza kusema, mama, ni kazi yangu, nalipwa. Hakusema. Afadhali aonekane amerogwa kuliko aonekane amependa mwenyewe. Nimeishi naye miaka na nimemdharau mara nyingi, kwa mambo madogo madogo. Leo nimemdharau mzima mzima.

Lakini nimeona kitu. Mtu huyu haogopi Mungu wala mke. Anaogopa watu watasema nini. Na kesho watu watakuwepo.

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja na gari jeupe. Wawili tu: Madame, mkubwa wao, kitenge cha Machi nane, visigino ndani ya matope yetu, na dereva wake, ambaye ndiye mpiga picha pia. Mume wangu akatwanga. Jasho, tabasamu, picha. Mama mkwe alikaa jikoni amejifunika kichwa kama yuko matangani.

Kisha chakula. Kuku wangu, bugali, sombe ya bwana mkubwa, yenye vijiti. Alinipakulia yeye mwenyewe, kama alivyopanga: bawa. Firigisi akamwekea Madame kwa heshima. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, au ya mgeni mwanaume. Mwanamke anaiosha, anaipika, haili. Nikasema moyoni, sawa, leo angalau mmoja wetu ataila.

Madame aliiangalia. Akacheka kidogo, akaisukuma kwenye sahani ya dereva. "Hii ni ya wanaume."

Wee! Nilitaka kuinuka niondoke. Mwanamke amefunga safari mpaka hapa kutufundisha kusimama, na kipande cha nyama kimemshinda. Na ni huyo huyo aliyenigeukia, kalamu mkononi: "Mama, kwako, kuwa feministe ni nini?"

Nikamwambia ni kuwa na mume kama huyu. Amekubali niende Kabambare kuongoza shule baada ya Pasaka. Tena amesema mke haombi ruhusa.

Madame akapiga makofi. Mume wangu alikuwa na tonge mkononi, halipandi wala halishuki. Wote wanamwangalia.

"Ndiyo," akasema. "Iko vile."

Nikapiga magoti nikamshukuru, asipate njia ya kurudi nyuma. Dereva akamsimamisha, mchi wake mkononi, mimi magoti vile vile, akapiga picha.

Jumapili, tarehe 9

Amenuna. Sombe nimetwanga mimi.

Alhamisi, tarehe 20

Ofisi ya shule walimwita, walimuuliza. Alikubali, angefanyaje? Sasa anasimulia kila mahali kwamba ni yeye aliyenituma Kabambare. Lusangi amelifanya somo. Watu wamelia.

Picha wameikuza, wameitundika ukutani kwenye ofisi ya shirika. Nimeiona leo. Yeye amesimama na mchi mkononi, mimi chini nimepiga magoti. Chini yake wameandika USAWA. Watu wanaingia, wanatoka, wanasema picha nzuri, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Nina hasira, na sehemu yake ni yangu mwenyewe. Nimeshukuru kwa kitu kilichokuwa changu. Nimeshukuru kwa magoti. Hata hivyo nitakwenda. Ningebaki na magoti yangu safi, shule wangempa mwanaume.

Mama mkwe bado yuko. Ameacha kunusa vyungu. Jioni alikuja akachutama karibu na moto, akaangalia mlango, akanong'ona:

"Ile dawa. Iko yenye kubakia?"

Mzee wake, baba mkwe kule Nyangwe, hajawahi kumletea hata ukuni mmoja. Nikamwambia, mama, hakuna dawa, haki ya Mungu. Hakuniamini. Ameondoka amenikasirikia.

Jumapili, tarehe 27 Aprili, Kabambare

Mvua tangu asubuhi. Mgongo bado unauma kwa sababu ya pikipiki iliyotuleta. Nyumba ina kitanda, meza na Faida.

Wazazi wa shule wameleta kuku kumkaribisha direktrisi. Nikampika. Nikaiosha firigisi kama ninavyoiosha siku zote, nikatafuta sahani ya kuiweka pembeni. Kisha nikakumbuka hapa hakuna baba wa nyumba, nikakaa chini.

Nimeikata vipande viwili. Cha kwangu nimekitafuna polepole. Kigumu. Hakina ladha zaidi ya chumvi niliyotia mwenyewe.

Faida alitafuna, akatafuna, akakitema mkononi.

"Mama, iko hii tu?"

Nikamwambia ni hii tu. Akaomba paja, nikampa.