Posho ya Heshima

Mjukuu wangu mwandishi,

Chai iko kwenye chupa. Funga bomba la uani.

Ulipokuwa unaoga niliisoma tena ile barua ya chuo, safari hii nimevaa miwani. Jana ulitusomea "posho ya heshima" tukapiga vigelegele. Kumbe ukurasa wa pili wanaeleza: heshima ni cheti, pesa hakuna. Unakwenda miaka miwili kusomea kutunga hadithi, na wao wameshakutungia ya kwanza.

~~Pole sana.~~ Sikupi pole. Msomi mzima hufungui ukurasa wa pili?

Barua yako ya kuacha kazi nimeondoka nayo kwenye mkoba. Nenda dukani kama kawaida. Bosi akiuliza mbona umechelewa, mtungie hadithi. Hiyo ina mshahara.

Bibi yako niliyeishia darasa la nne