Sodea Hatakuja Duala

Gbata, Meiganga
18 Februari 1987

Mpendwa mwanangu Yoeli,

Salamu nyingi katika Bwana. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halina habari mpya. Mkeo hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa na surua? Utakapoandika, jibu hilo kwanza, kabla ya mambo ya kazi. Upepo wa kaskazini umekausha midomo ya watu wote, na kwaya inaimba kama vyura. Mama yenu amevuna ufuta wa kutosha.

Nimepata ujumbe wako kwamba mdogo wako Sodea aje kukaa nawe Duala. Umesema kwa upendo, nami nimekuelewa. Jibu ni hapana. Nakueleza yaliyotokea, maana najua umeyasikia vipande vipande.

Siku ya kuchoma nyika, Sodea alipewa upande wa mto. Unajua desturi yetu: hawashi mtu mpaka pembe ya mkuu wa mawindo ilie mara ya pili, wenye nyavu wakiwa wametoka majanini. Sodea aliwasha kwa pembe ya kwanza. Kulanya, mume wa Estera, alikuwa bado anafunga wavu wake. Tulimzika siku iliyofuata. Kaka zake wakasema kijana alikusudia, kwa sababu ya ugomvi wake na Kulanya juu ya mzinga wa nyuki. Sodea akakimbilia kwa wajomba zenu.

Mchungaji mpya, ambaye si mtu wa kwetu, aliwasimamisha Estera na mama yenu mbele ya kanisa. Estera akatamka kwamba amesamehe. Wakapeana mikono, tukaimba. Jioni mama yenu akampelekea chungu cha mboga. Kilikaa mlangoni mpaka kuku wakakimaliza. Nikaenda kumwuliza.

"Baba Abbo, nimesamehe kwa mdomo kwa sababu niliulizwa kwa mdomo," alisema. "Tawi la sore liko wapi? Hata watu wakigombania ndizi, huleteana sore ili moyo upoe. Mume wangu si ndizi."

Nilimpelekea mchungaji neno hilo, akakataa. "Damu ya Yesu inatosha," alisema. "Hatuongezi majani."

Estera akamjibu mbele ya wazee wa kanisa: "Kama neno peke yake linatosha, mchungaji, mbona Bwana alimega mkate? Si angesema tu, watu wakalale?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mmoja alikuwa anacheka. Mchungaji akasema atakuja kutazama, ila hatashika kitu.

Nikaenda kumchukua Sodea. Njiani aliniuliza kama hawezi kupitiliza tu mpaka kwako. Nikamwambia anaweza, miguu ni yake. Tulipofika kwenye kichaka cha sore alikata tawi mwenyewe.

Watu walijaa uani kwa marehemu. Estera alisimama na bakuli la maji miguuni. Sodea akamnyoshea tawi. Anayelipokea amekwisha kukubali amani. Akiliacha lianguke, hakuna wa kuliokota. Estera hakunyosha mkono.

"Kwanza niambie. Ulisikia pembe ngapi?"

"Moja, mama."

"Ukawasha kwa nini?"

"Niliona ndezi wanatoroka. Nilitaka kuwa wa kwanza kuua."

"Si mzinga?"

"Mzinga nilishausahau. Ni tamaa tu, mama."

Kaka mkubwa wa marehemu akapaza sauti: "Anaua, halafu anatuletea majani! Tu mbuzi sisi?"

Estera hakugeuka. "Shemeji, mume alikuwa wangu. Subiri."

Estera akalichukua tawi. Akalichovya majini, akamnyunyizia Sodea, kisha watoto wake wawili, kisha yeye mwenyewe. Hakulia. Akamwambia, "Kesho uje na panga. Ghala langu linavuja, na fundi wa kuliezeka umeniondolea wewe."

Mchungaji akafunga kwa sala. Ilikuwa fupi na nzuri.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kaka za Kulanya bado hawamsalimii mdogo wako. Mmoja hutema mate akipishana naye. Sikudanganyi: itakuwa hivyo kwa muda mrefu. Yeye huanza na shamba la Estera asubuhi, ndipo aje kwetu. Akiondoka sasa, watasema alileta tawi huku mguu mmoja uko njiani. Na siku nyingine mwenye kosa akija na sore, nani atanyosha mkono?

Kwa hiyo usimwite tena. Usimwandikie habari za taa za mjini. Ukitaka kumsaidia, njoo wewe wakati wa Pasaka, uketi naye benchi moja kanisani, wakuone.

Msalimie mkeo Rebeka na binamu yako Dabole. Mama yako anakusalimu, na anasema ule vizuri. Shangazi Naomi naye anakutaja kila akiomba. Mungu aliyekufungulia njia ya kwenda akufungulie na ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye, baba yako mdogo,
Filemoni Abbo