Suruali Iliyogoma Kuchanika

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Shangazi ameniambia bado unapanda ngazi za duka kama una ugomvi nazo. Pole sana, na tafadhali soma ukiwa umekaa, maana nina habari ndefu na mwisho wake lipo ombi: nataka uje huku Jumamosi tukatazame sinema pamoja. Najua utasema sinema ni kupoteza muda. Sema, lakini usome mpaka chini.

Mimi mzima, na cherehani nayo nzima. Ile kazi ya kushona mavazi ya filamu bado ninayo. Nilichokuficha ni kwamba filamu yenyewe ni vichekesho, tena vya kuangukaanguka, na waigizaji ni kundi la vijana wa muziki wa kufokafoka. Usikunje uso, Baba. Wako watatu: Bonge, Mrefu na Njiti. Katika hadithi wanajifanya wapaka rangi ili wapenye redioni wimbo wao upigwe, na hakuna hata mmoja anayejua kushika brashi. Mlango wanaufungulia usoni mwa mwenzao, ndoo wanaivaa mguuni. Shida ni kwamba hawajui kuanguka. Wamezoea jukwaa, kwa hiyo wakiteleza wanateleza wote kwa mdundo mmoja, na mwongozaji anabaki kushika kichwa.

Mimi nilikabidhiwa suruali ya Njiti. Alitakiwa ateleze ngazini, suruali inase kwenye kulabu ya ukutani kwa nyuma, ichanike, naye adondoke kwenye pipa la chokaa. Suruali ya kwanza niliyoshona iligoma kuchanika. Mwongozaji akaniambia bila kuzunguka kwamba na ya pili ikigoma, nifungashe cherehani yangu niende.

Basi nikakaa nishone hovyo. Baba, umewahi kujaribu kushona hovyo? Ni kazi ngumu jamani. Nilianza kwa mishono mirefu, iliyoachana, roho inaniuma kama naiba. Nadhani nilipofika nyuma mawazo yalihama, kwa sababu mkono ulirudi wenyewe, ukapitisha mshono wa pili na kuufunga vile ulivyonifundisha. Unalijua sharti lako: hakuna suruali iliyotoka dukani kabla hujaitundika kwenye kulabu ya mlango na kumtumbukiza mdogo wangu ndani, aning'inie humo huku akikupigia kelele kwamba mshono umeshika. Tangu umfukuze kwa sababu ya hizo nyimbo zake, kulabu ile haijapata mtu.

Siku ya kupiga picha Njiti akateleza, kulabu ikanasa, na suruali ikashika. Nilitamani ardhi inimeze. Bonge alimvuta miguu, wapi. Mrefu akapanda ngazi amsaidie, ngazi ikamsaliti, akamwangukia Bonge, na wote wawili wakalisukuma pipa likammwagikia mwongozaji aliyekuwa anakuja kufoka. Safari hii hawakuanguka kwa mdundo wowote. Mpiga picha alikuwa anacheka kiasi cha kusahau kuzima kamera. Na Njiti, huko juu, akabembea, akayasahau maneno yote aliyoandikiwa, akacheka kicheko cha kitoto na kuita, "Baba, umeshika!"

Mwongozaji, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akaniambia nifungashe. Nilikuwa naifunika cherehani niliposikia wanakitazama upya kile kipande, wanacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwongozaji akaniita, akasema nirudi mezani kwangu, na kwamba kipande hicho ndicho kitakachofunga filamu. Akaniuliza huyo baba anayeitwa ni nani katika hadithi. Nikamjibu hayumo katika hadithi.

Najua umeshaelewa, Baba, lakini acha niseme. Njiti ni mwanao. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hii, na ndiye aliyenisihi nisikutajie, kwa kuwa anaogopa utaniita nirudi nyumbani. Nimekukosea kwa kunyamaza, nisamehe. Ila siku ile niliona amelia baada ya kucheka, akasingizia chokaa. Amekukumbuka sana. Tikiti ya Jumamosi amekununulia yeye, na kiti amekuchagulia cha pembeni ili goti lipate nafasi.

Suruali amekataa kuirudisha stoo. Nimeikunja humu ndani ya kifurushi, kwa sababu anasema mwenye haki ya kuukagua ule mshono ni wewe. Ukiona pana kasoro, rekebisha, kisha uje nayo mwenyewe. Mlango wa ukumbi una kulabu, nimeshaangalia.

Msalimie sana shangazi, na mwambie asiifiche barua hii kabla hujaisoma mpaka mstari huu. Njiti amesimama nyuma yangu, hataki niandike kwamba anakuamkia. Anakuamkia.

Ni mimi binti yako,
Kifungo