Nulle na baba, Kampemba

Jumapili. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza, umeme hakuna, nami sina furaha wala huzuni ya kusimulia.

Leo nimecheza sataranji na baba, nyumbani kwake. Tunacheza tangu nikiwa mdogo, ila mchezo wa leo ulikuwa na masharti. Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa, anataka kumhamishia kwake Kolwezi. Juzi baba aliacha mbabula, jiko la makaa, inawaka chumbani, makaa mekundu kabisa, akatoka kuongea na jirani. Yaya anasema akili imeanza kumtoka.

Sharti alilitoa baba mwenyewe: «Ukinipiga, minaenda. Nikikupiga, munaniacha na nyumba yangu.»

Nilisukuma pioni, yaani askari, ya mbele ya malkia, naye akajibu vilevile. Nikamtegea pioni nyingine ya pembeni aile. Akaikataa. Baba hukataa kila cha bure, hata fimbo ya kutembelea aliyoletewa na yaya. Tukaenda polepole tukipunguzana, mpaka kila mmoja akabaki na tour moja, yaani mnara, na pioni chache.

Hapo nikaiona njia. Mnara wangu ungepita nyuma ya mfalme wake na mchezo ungekwisha.

Sikuupitisha.

Niliurudisha ulikotoka, naye akarudisha wake, tena na tena, mpaka ikawa nulle, sare. Nilijiambia naepusha ugomvi. Ukweli ni kwamba niliogopa kugundua kuwa yeye hakuiona ile njia, kwa sababu hapo yaya angekuwa na haki.

Nilipoanza kukusanya vipande, akanizuia mkono. Nina jina la marehemu mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mama.

«Tour yako ilikuwa na njia pale nyuma, mama. Mi niliona. Na weye uliona.» Akaendelea kuangalia ubao. «Lakini mama hawezi kufukuza mutoto wake.»

Basi akili ipo. Na mbabula nayo iliwaka kweli.

Yaya ameandika kwenye simu kuuliza nani kashinda. Nimemjibu hakuna. Ameuliza tena: sasa anakuja ao hapana?

Bado sijajibu. Nimetaka kumwandikia yale maneno ya baba, kwamba mama hafukuzi mtoto wake, nikasita.

Mama gani humwacha mtoto peke yake na moto?